Mgongo Wangu na Diski ya Berlin

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata kovu sina. Mgongo wangu haujawahi kupasuliwa, na ukinitazama nikipita njiani hutajua kwamba kwa miaka mingi nimelala kwa ubavu mmoja tu. Lakini ulikuwapo wakati, mwaka 2001, ambapo nilikaa wiki mbili na karatasi mezani, nikitakiwa kuamua kama nikubali kupasuliwa tumbo ili nitiwe ndani ya uti wa mgongo kifaa cha chuma na plastiki, kifaa ambacho hata waliokitengeneza walikuwa bado wanakijaribu. Nimeona niisimulie habari hiyo. Katika kuamua nililazimika kusoma historia, na historia ile imenifundisha jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulifikiri.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilifika Marekani mwaka 1993, na baada ya kuhangaika huku na huko nikapata kazi katika ghala la vipuri vya magari, katika mji mmoja wa jimbo la Texas. Kazi yenyewe ilikuwa ya ukuli, ijapokuwa wenyewe walikuwa na jina zuri zaidi la kuiita. Mwezi wa Novemba 1999 niliinama kuchukua sanduku ambalo halikuwa zito kuliko mengine, nikasikia kiunoni kitu mfano wa kamba inayokatika. Sikuanguka. Nilimaliza zamu yangu, nikarudi nyumbani kwa basi. Asubuhi yake mke wangu ndiye aliyenivisha soksi.

Miezi 18 iliyofuata ilikuwa ya vidonge, sindano, mazoezi ya viungo na mkanda wa kiunoni. Kazini walinitoa ghalani wakaniweka mezani niandike hesabu za mizigo, na huko nako nikaona kwamba kukaa ni adhabu kuliko kubeba. Watoto wangu wawili wakazoea kwamba baba hachezi nao. Hilo ndilo lililonikereketa. Maumivu mtu huweza kuyazoea, lakini kuwa mzigo ndani ya nyumba yako mwenyewe ni jambo jingine.

Msomaji mpenzi, kabla sijaendelea yafaa tuelewane ni kitu gani kilichokuwa kikiniuma. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza, na kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, pana diski. Diski ni mviringo wa nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati yake umo ute mzito ulioshika maji. Kazi yake ni kupokea uzito na kuuruhusu mwili kupinda. Tatizo ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayoingia ndani, kwa hiyo ikipasuka hupona kwa shida, na kadiri umri unavyosogea hukauka. Daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, katika miaka ya 1960 alipima mgandamizo kwa kuingiza sindano ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba mtu akikaa diski hukamuliwa zaidi kuliko akisimama. Nilipolisoma hilo ndipo nilipoelewa kwa nini ile kazi ya mezani haikunisaidia.

Diski yangu iliyoharibika ilikuwa ya chini kabisa, pale uti wa mgongo unapokalia mifupa ya nyonga. Katika picha zile za mashine ya sumaku, wenzake walionekana weupe na wanene, na yeye mweusi, amesinyaa kama kokwa la ukwaju.

Basi mwezi wa Juni 2001 daktari bingwa wa mifupa akaniambia kwamba nina njia mbili, ukiacha ile ya kuendelea kuvumilia. Ya kwanza ni upasuaji wa kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja, ili pale panapouma pasicheze tena. Ya pili ni kuingia katika jaribio. Kulikuwa na diski ya bandia iliyotoka Ujerumani, ikiitwa Charité, ambayo ilikuwa imetumika Ulaya kwa miaka mingi, lakini serikali ya Marekani ilikuwa bado haijairuhusu kuuzwa. Hospitali kadhaa nchini zilikuwa zikiijaribu tangu mwaka 2000. Waliotakiwa ni watu wa umri wa miaka 18 hadi 60, wenye diski moja tu iliyoharibika, ambao wametibiwa kwa miezi 6 au zaidi bila nafuu. Mimi nilikuwa na miaka 41. Sifa zote nilikuwa nazo.

Lakini palikuwa na sharti moja. Mtu akikubali, hapewi diski kwa kutaka kwake. Hupigiwa kura. Kati ya kila watu watatu, wawili wangetiwa diski na mmoja angeunganishwa pingili, na kura hiyo haikupigwa na mgonjwa wala na daktari. Kisha wote wangefuatiliwa kwa miaka miwili. Daktari akanipa karatasi nyingi, akaniambia niende nikasome, niulize ninayetaka kumwuliza, na kwamba hata nikishatia saini naweza kujitoa wakati wowote. Nataka niseme wazi kuwa alinitendea kwa haki.

Nilirudi nyumbani, na kesho yake nikaanza kwenda maktaba ya mji. Mke wangu alinishangaa. Aliniambia, "Bwana, wewe unaumwa mgongo, unakwenda kusoma historia?" Nikamjibu kwamba mtu akiletewa posa huuliza ukoo.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba ule upasuaji wa kuunganisha pingili, ambao daktari aliutaja kama njia ya kawaida, nao uliwahi kuwa jaribio. Ulianza New York mwaka 1911, kwa mikono ya madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa namna yake. Na wagonjwa wao hawakuwa makuli walioumia mgongo. Walikuwa watu wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaobomoa pingili mpaka mtu akawa na kibiongo. Wazo lilikuwa kuzishikamanisha pingili ili zisiporomoke. Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe akakipachika mgongoni. Habari ya diski haikuwamo kabisa. Ilikuja mwaka 1934, pale William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoandika kwamba maumivu mengi ya mguu hutokana na diski iliyochomoza ikabana mshipa wa fahamu. Tangu hapo diski ikawa mshtakiwa, na dawa iliyobuniwa kwa ajili ya kibiongo ikahamishiwa kwa watu wengine.

Dawa hiyo ina kasoro yake. Ukizifunga pingili mbili zisicheze, kazi waliyokuwa wakiifanya hupewa jirani zao, na madaktari waliogopa kwamba jirani hao nao watachakaa mapema. Ndiyo maana wengine wakawaza: je, haiwezekani kuiondoa diski mbovu na kuweka nyingine?

Wa kwanza kulijaribu wazo hilo kwa watu wengi alikuwa Ulf Fernström wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua gololi ya chuma kisichoshika kutu akaiweka mahali pa diski. Aliwatia gololi hizo watu zaidi ya 100. Mimi niliyekuwa nikishinda ghalani na masanduku ya beringi nililitazama lile neno kwa muda. Gololi huzunguka vizuri ikiwa imekaa ndani ya kikombe kigumu. Ukiiweka juu ya kitu laini, itazama. Na mfupa wa pingili ndani ni laini kuliko watu wanavyodhani. Baada ya miaka michache gololi nyingi zilikuwa zimezama ndani ya mifupa, na njia ile ikaachwa.

Wakati huohuo Uingereza palikuwa na John Charnley, ambaye alikuwa akitengeneza nyonga ya bandia. Mwanzo alitumia plastiki iitwayo Teflon, ile inayopakwa katika vikaango. Mamia ya wagonjwa walipata nafuu kubwa, kisha katika miaka michache plastiki ikalika na vumbi lake likaharibu nyama na mifupa ya jirani. Ikabidi apasue upya watu aliokwisha kuwaponya. Charnley hakujificha. Alijidunga vumbi la Teflon katika paja lake mwenyewe aone litamfanya nini, na likamfanya uvimbe. Mwaka 1962 akageukia plastiki nyingine, polietilini ngumu, na hiyo ikadumu. Mamilioni ya watu leo wanatembea kwa nyonga za namna hiyo. Lakini kabla yao walitangulia wale wa Teflon, na majina yao hayamo vitabuni.

Sasa nikafika Berlin. Charité ni hospitali kongwe iliyoanzishwa mwaka 1710, na baada ya mji kugawanywa ikawa upande wa Mashariki, karibu sana na ule ukuta. Huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wawili, Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz, walibuni diski ya sahani mbili za chuma zenye tonge la polietilini katikati, plastiki ileile ya Charnley, ili sahani ziteleze juu ya tonge kama mgongo unavyoteleza. Yule Büttner-Janz, kama hujui, ndiye Karin Janz aliyechukua medali mbili za dhahabu katika sarakasi za viungo kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Niliitazama picha yake akiwa amening'inia katika nguzo, mgongo umepinda kama upinde, nikasema moyoni kwamba mwanamke huyu anajua anachokitafuta.

Diski yao ya kwanza ilitiwa mwilini mwa mtu mwaka 1984. Ilikuwa na sahani ndogo za mviringo, nazo zikazama mifupani kama gololi za Fernström. Wakatengeneza ya pili yenye sahani pana zaidi, na hiyo chuma chake kikavunjika. Mwaka 1987 wakapata ya tatu, iliyotengenezwa na kiwanda cha Hamburg, upande wa pili wa ukuta, kwa mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoletwa Texas nikaambiwa habari zake. Ukihesabu vizuri utaona kwamba kabla haijanifikia, imepita katika migongo ya watu wa aina mbili: walioisahihisha ya kwanza kwa kuumia kwao, na walioisahihisha ya pili.

Pia nilisoma habari za Thierry Marnay wa Montpellier, Ufaransa. Huyu naye alibuni diski, iliyoitwa ProDisc. Kati ya mwaka 1990 na 1993 aliwatia wagonjwa 64. Kisha akaacha. Hakumtia mtu mwingine mpaka wale 64 walipotimiza miaka 7 na zaidi, akawatafuta na kuwapima mmoja mmoja. Kati ya wote niliowasoma, huyu ndiye aliyenipa imani zaidi, kwa sababu alijua kungoja.

Ilibaki ile kura. Iliniudhi. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kupigiwa kura kama mbuzi wa tombola. Lakini nikasoma kwa nini ipo. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Laiti angewapa wote machungwa, wapo ambao wangesema wamepona kwa Mungu tu. Na mwaka 1948 Waingereza walitangaza matokeo ya streptomaisini kwa kifua kikuu, ambapo wagonjwa 107 walikuwa wamegawanywa kwa bahati, asije daktari akawapa dawa wale anaowaona watapona. Maumivu ya mgongo ndiyo yanayohitaji kura kuliko yote, maana hupanda na kushuka yenyewe, na mtu aliyetiwa kifaa kipya cha gharama hujiona nafuu hata kabla hajashuka kitandani.

Hayo yalikuwa ya vitabuni. Lakini alikuwapo pia jirani yetu, mzee Mwamerika mweusi, ambaye mke wangu alimweleza habari zetu. Alikuja jioni moja, akaketi barazani, akasema neno moja tu: Tuskegee. Nilikuwa nimelisikia sikulijua. Katika jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, pamoja na wengine 201 wasiokuwa nayo, bila kuwaambia ukweli na bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Mzee yule hakunikataza. Alisema nikisoma karatasi zao nikumbuke kwamba zimeandikwa kwa sababu ya watu wale. Na ni kweli. Baada ya aibu hiyo ilitungwa sheria mwaka 1974, na kila jaribio likatakiwa kupitiwa na baraza na kuelezwa kwa mgonjwa waziwazi. Zile karatasi nyingi zilizonichosha zilikuwa na historia yake.

Nikaona nimpigie simu kaka yangu mkubwa Tanga. Alikuwa muuguzi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, na kwetu neno lake lilikuwa na uzito. Nilinunua kadi ya simu, nikampata usiku wa kwao.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba. Mgongo vipi?"

Nikamweleza yote: diski, chuma, Berlin, kura. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Unayakumbuka maradhi ya Mama?"

Nayakumbuka. Mwaka 1984 Mama aliugua kifua kikuu. Nilikuwa kijana. Alidungwa sindano kila siku kwa miezi miwili na kumeza vidonge mbele ya mhudumu, kisha akaendelea na vidonge vingine kwa miezi sita. Miezi minane yote, akapona, akaishi na kuwalea wajukuu.

"Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu," Kaka akasema. "Wengi wakichoka katikati, wanaacha, wanakufa. Wewe unadhani nani aliyejua kwamba miezi michache inatosha?"

Akanieleza nisiyoyajua. Katika miaka ya 1960 na 1970 yalifanyika majaribio makubwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliogawanywa makundi, wengine wakapewa dawa hizi na wengine zile, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba kwa kuongeza rifampisini matibabu ya miezi 6 yanaweza kuponya. Ndio msingi wa tiba inayotumika duniani mpaka leo, pamoja na ile aliyopewa Mama kupitia mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1977.

"Basi nikubali," nikasema. Nilidhani ndiko alikokuwa akinipeleka.

"Sikusema hivyo," akajibu. "Wale walikuwa wanakufa, mdogo wangu. Mtu anayezama hukamata hata upanga. Wewe unaumwa, hufi. Jiulize, kifaa kikishindikana, kinatoka?"

Hilo lilikuwa swali ambalo sikuwa nimemwuliza daktari. Nilirudi kwake nikamwuliza. Alinijibu bila kuficha. Diski ile huingizwa kwa mbele, kupitia tumboni, kwa kuisogeza mishipa mikubwa ya damu inayokwenda miguuni. Ikibidi kuiondoa, inabidi kupita palepale, lakini safari hiyo mishipa imekwisha kushikamana na kovu, na ikichanika mtu anaweza kumwaga damu mpaka kufa. Kwa mwanamume kulikuwa na hatari nyingine ndogo ya kuharibika mishipa ya fahamu inayohusu uzazi. Na kifaa kingedumu miaka mingapi katika mtu wa miaka 41 anayefanya kazi? Hapo alinyoosha mikono yake miwili. Wa kwanza kabisa waliotiwa diski ya tatu walikuwa nayo miaka 14 tu.

Usiku ule niliongea na mke wangu. Alisema, "Ukisema ndiyo nitakaa na wewe hospitali. Ukisema hapana nitakuvisha soksi. Ila usije ukaniambia umefanya kwa ajili yangu." Nilishukuru kwa maneno hayo, ingawa yaliniacha peke yangu na karatasi.

Siku ya kumi na nne nilirudisha karatasi bila saini.

Katika chumba cha mazoezi alikuwapo mwenzangu mmoja, fundi wa kupaua nyumba, mzaliwa wa Mexico, ambaye diski yake ilikuwa ileile ya chini. Yeye alitia saini. Kura ikamwangukia upande wa kuunganishwa pingili. Alikasirika wiki nzima, kwa kuwa aliitamani ile ya Ujerumani, kisha akaingia chumba cha upasuaji. Nilimwona mwaka uliofuata. Alikuwa amerudi kazini, anaumwa kidogo, na kila baada ya muda anakwenda kupimwa na kujaza fomu za maswali. Nilimwuliza kama anajuta. Aliinua mabega. Alisema yeye ni namba fulani katika daftari lao, na kwamba namba hiyo angalau wataihesabu.

Mimi nilishika mazoezi kwa dhati, nikaacha ghala, nikasomea udereva wa mabasi ya shule, kisha nikaona kukaa hakuniwezi, nikaishia kuwa mwangalizi wa jengo, kazi ya kutembeatembea. Maumivu hayakuisha. Yalishuka kutoka kuwa bwana wa nyumba yakawa mpangaji.

Na ile diski? Mwaka 2003 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za wagonjwa 27 waliokuwa na matatizo baada ya kutiwa diski ya Charité: sahani zilizozama, plastiki iliyolika, viungo vya jirani vilivyochakaa. Mwaka 2004, mwezi wa Oktoba, serikali ya Marekani iliiruhusu hata hivyo. Jaribio nililolikataa lilikuwa na watu 304, na baada ya miaka miwili waliohesabiwa kufaulu walikuwa chini ya 6 katika 10 kwa upande wa diski, na chini ya 5 katika 10 kwa upande wa kuunganishwa. Kwa sheria ya jaribio hilo ilitosha kwamba diski si mbaya kuliko mwenzake. Wapo waliosema kwamba mwenzake mwenyewe alikuwa dhaifu, na kwamba kumshinda mgonjwa mbio si ushindi. Mwaka 2007 bima ya serikali ya wazee ilikataa kulipia diski za kiuno kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Charité yenyewe imekwisha kuondolewa sokoni. Ndugu zake, pamoja na ile ya Marnay aliyejua kungoja, wanaendelea kutumika, ila kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini.

Jibu nililokuwa nikilihitaji mimi lilikuja mwaka 2011, kutoka Norway. Huko wagonjwa 173 waligawanywa kwa kura: nusu watiwe diski, nusu wapewe mazoezi na mafunzo ya pamoja kwa wiki kadhaa. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Wa diski walikuwa mbele kwa pointi 8.4 katika kipimo cha pointi 100, na watafiti walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba tofauti isiyofika pointi 10 si ya kutegemewa. Na mmoja wa waliopasuliwa, alipofunguliwa mara ya pili, mshipa mkubwa ulijeruhiwa, akapoteza mguu.

Niliposoma hayo nilifurahi. Nilijiona mwerevu. Nikamwambia mke wangu, "Unaona?" Hakuitikia kwa namna niliyoitarajia. Aliniuliza, "Na hao waliokuambia hayo, ni akina nani?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Mwaka 2001 sikukataa kwa sababu nilijua. Sikujua, na wala hapakuwa na mtu aliyejua. Yote ninayoyajua leo nimeyapata kwa watu 304 wa Marekani, kwa 173 wa Norway, kwa wale 27 wa Uholanzi na kwa yule mtu wa Norway asiye na mguu. Walipeleka migongo yao mahali nilipokataa kuupeleka wangu, na mimi nimekaa barazani nikisoma matokeo yao. Mama yangu pia alipona hivyo hivyo. Aliponywa na watu aliowatangulia kwa umri lakini waliomtangulia wodini, ambao hakuna aliyemtajia majina yao.

Sisemi nilikosea. Kaka alikuwa na haki aliponitenganisha na anayezama, na bado naamini kwamba mtu asiyezama ana ruhusa ya kuuliza kina cha maji. Asiye na haki ni yule anayeikataa zamu yake kisha akawacheka waliotangulia, au anayedhani tiba huota dukani kama uyoga.

Miaka michache iliyopita kliniki ninayokwenda iliniomba jambo. Wanakusanya kumbukumbu za watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu: picha za kila baada ya miaka miwili, na fomu ya maswali, ukurasa kwa ukurasa, unaumwa kiasi gani ukivaa viatu, ukikaa, ukilala. Hapana kisu wala kura. Ni usumbufu tu. Safari hii nilitia saini papo hapo, na sikwenda maktaba. Nikiijaza fomu ile namkumbuka fundi wa kupaua na namba yake. Swali la soksi huwa nalijibu kwa uangalifu kuliko mengine yote.